Kabati Juu ya Sinki

Kila Jumamosi asubuhi, nyumba ya kina Chepngetich mjini Arlington, Texas, ilinukia maandazi na sabuni ya sakafu. Mama yake, Lydiah, ambaye alikuwa muuguzi, alikaanga maandazi jikoni. Baba yake, Cheruiyot, alipanga viti sebuleni. Chepngetich, msichana wa miaka kumi na miwili, alipiga deki huku akimchunga mdogo wake Shem, ambaye alikuwa na miaka mitatu na miguu isiyojua kutulia. Mchana, familia za Wakenya waliokaa karibu zingefika kwa ibada ya nyumbani.

Jumamosi moja ya mwaka 2019, Chepngetich alisikia mlio wa kayamba kutoka bafuni. Chaka-chaka, chaka-chaka. Alitabasamu. Kisha akakumbuka kwamba nyumba yao haikuwa na kayamba.

Alipochungulia, fimbo ya deki ilimponyoka. Shem alikuwa ameketi sakafuni akitikisa chupa ya vidonge vya mama vya shinikizo la damu. Kifuniko kilikuwa kimejaa alama za meno.

"Mama! Njoo uone!"

Mama alikuja mbio, akamnyang'anya Shem ile chupa na kumfungua mdomo kwa kidole. Hakukuwa na kitu. Chupa haikuwa imefunguka.

"Asante Yesu," alisema. Kisha akapaza sauti: "Baba Chepngetich! Hilo kabati limekaa kwenye boksi tangu tulinunue. Leo liende ukutani! Dawa zangu hazikai tena kando ya sinki."

"Kwani hiyo ni kazi?" baba alijibu kutoka sebuleni. "Mtu aliyejenga madarasa ya mawe Eldoret ashindwe na kabati la bafu?"

Ni kweli. Kabla ya kuja Marekani na kuajiriwa katika ghala, Cheruiyot alikuwa fundi wa mawe. Alisimama mbele ya ukuta wa bafu, akapima kwa macho, akaweka alama mbili za penseli juu ya sinki, moja kushoto na moja kulia, zikiwa sawa kabisa. Kisha akaenda gereji kuchukua drili ya kutobolea ukuta.

Chepngetich aliziangalia zile alama. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa amewaeleza kwamba kuta nyingi za nyumba za huku ni ubao mwembamba wa jipsamu, unga mweupe uliogandishwa, na nyuma yake kuna nguzo za mbao zilizosimama kwa kuachana. Katikati ya nguzo ni hewa tupu. Alikuwa amewapa kila mmoja sumaku ndogo wakatafute nguzo nyumbani. Sumaku inanasa vichwa vya skrubu vilivyofichwa chini ya rangi, na palipo na skrubu pana mbao.

Aliitoa sumaku yake mfukoni. Akaipeleka kwenye alama ya kushoto. Ikanasa. Akaipeleka kulia. Ikaanguka ndani ya sinki. Akajaribu juu kidogo, chini kidogo. Ikaanguka tena. Alipoisogeza shibiri moja pembeni, ilinasa.

Kwa hiyo alama ya kulia ilikuwa juu ya hewa tupu.

Mara akasikia vicheko kwenye korido. Baba alirudi na drili, na hakuwa peke yake. Mzee Nderitu, mkubwa wa umri katika ibada yao, alikuwa amefika mapema kama kawaida yake, pamoja na wanaume wengine wawili.

"Cheruiyot, kumbe bado unajua kushika chombo!" Mzee Nderitu alitania. "Nilidhani Marekani imekufanya mikono laini kama ya karani."

"Mzee, simama hapo uone fundi," baba alisema, kifua mbele.

"Baba..." Chepngetich alianza, kwa sauti ndogo.

"Ngoja kwanza, mama," baba alimkatiza binti yake. "Wazee wanaongea."

Akanyamaza. Nyumbani kwao mtoto hamrekebishi mzazi mbele ya wageni. Hilo hakuna aliyewahi kumfundisha kwa maneno. Alilijua tu, kama anavyojua kupokea kitu kwa mikono miwili.

Skrubu ya kushoto iliingia kwa shida, ikikwaruza mbao. Ya kulia ikazama mara moja, kama kidole kwenye keki. Baba akasita. Akainama, akamwangalia binti yake.

"Iko sawa, mama?"

Wageni wote walimgeukia. Chepngetich akafumba ngumi. Sumaku ilikuwa ndani ya kiganja chake.

"Iko sawa, baba."

Mama alipanga ndani ya kabati dawa, chupa za mafuta na marashi. Milango yake ilikuwa ya kioo kizito. Lilipendeza hata Mzee Nderitu akatengeneza tai yake akijitazama humo.

Ibada ilianza. Waliimba, kisha wote wakasimama wakafumba macho. Mzee Nderitu akaanza kuomba, akamkumbuka kila mgonjwa kwa jina. Chepngetich hakuweza kuomba. Alifumbua jicho moja amtazame Shem, aliyekuwa akicheza kwenye zulia.

Zulia lilikuwa tupu.

Kabla hajainua mguu, kishindo kikalipuka bafuni, kikafuatwa na mlio wa kioo kinachovunjika. Ombi likakatika katikati ya jina la mtu.

"Shem!" mama alipiga kelele.

Walikimbia wote. Kabati lilikuwa limeng'oka pande zote mbili na kulala ndani ya sinki. Upande wa kulia wa ukuta palibaki shimo la kutosha ngumi, na vumbi jeupe lilitoka humo. Vipande vya kioo vilikuwa kila mahali. Shem hakuonekana. Mama alishika fremu ya mlango.

Ndipo pazia la kuogea likatikisika. Shem alikuwa amesimama nyuma yake, ndani ya hodhi, alikojificha ili atafutwe. Alikuwa mweupe kwa vumbi, macho yamemtoka. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kisha akalia kwa nguvu, na hakuna aliyewahi kufurahia kilio kama walivyokifurahia kile.

Baba alimkumbatia akiwa amepiga magoti juu ya vioo.

"Ni haya makabati ya siku hizi," mwanamume mmoja alisema. "Takataka tupu."

"Kweli kabisa," Mzee Nderitu aliitikia. "Si kosa la fundi."

Chepngetich alisikia jinsi ilivyokuwa rahisi. Kosa lingebebwa na kabati, na yeye angebaki mtoto mwenye adabu. Alifungua kiganja.

"Si kabati," alisema huku machozi yakimtiririka. "Nilipima na sumaku, baba. Upande huo hauna mbao. Nilijua kabla hujatoboa. Ukaniuliza, nikasema uongo."

Mama alimtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Ulijua?" aliuliza. "Na mtoto anaingia humu?"

"Mbona hukuniambia?" baba aliuliza, sauti yake ikiwa chini.

"Kulikuwa na wageni, baba. Sikutaka uaibike."

Baba aliketi kwenye ukingo wa hodhi na Shem begani. Alilitazama lile shimo.

"Na mimi nilisikia skrubu ikizama," alisema. "Nilijua kuna kasoro. Nilikuuliza wewe ili nisikie ninachotaka." Akamvuta karibu. "Sikiliza, mama. Mkubwa hadharauliwi kwa kuambiwa ukweli kwa adabu. Nikikosea mahali penye hatari, nizuie, hata kama nyumba imejaa wageni. Ukininyamazia hapo, hujaniheshimu. Umeniacha peke yangu."

"Amina," Mzee Nderitu alisema polepole. "Nasi wazee tujifunze kunyamaza mtoto anapoita."

Jumamosi iliyofuata, baada ya baba kuziba shimo na kubadilisha kioo kwa mbao nyepesi, wageni walijaa tena mlangoni pa bafu. Baba aliweka ncha ya penseli ukutani.

"Hapa?"

Chepngetich alipitisha sumaku. Ikaanguka.

"Hapana, baba," alisema kwa sauti iliyosikika hadi sebuleni. "Hapo si penyewe."

Baba akasogeza penseli. Sumaku ikanasa. Skrubu ikaingia kwa shida, ikikwaruza mbao, na baba akalivuta kabati kwa mikono yote miwili. Halikutikisika.

"Vizuri," Mzee Nderitu alisema. "Sasa twendeni tukaombe. Leo tutafumba macho yote mawili bila wasiwasi."