Jembe Nyuma ya Mlango

"Usigeuke. Tazama barabara."

"Nimeitazama tangu asubuhi, Efraimu."

"Itazame tena. Jifanye basi linakuja."

Kristina akaitazama. Mbele yake palikuwa na ukungu, mianzi, na barabara nyekundu inayoteremka kwenda Njombe mjini. Basi halikuwapo. Penseli ilikuwa inakwaruza karatasi, na kijana wa watu ameinama juu ya goti lake, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo.

"Ee! Hapo hapo. Usipumue."

"Nisipumue nife?"

"Pumua basi, lakini kidogo."

Mwingine angecheka. Kristina hakucheka, na wala hakununa. Alikuwa hivyo tangu siku nyingi: ukimpa habari njema anasema haya, ukimpa mbaya anasema haya. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na alishazoea kuchechemea nao.

Mwaka huo ulikuwa hamsini na saba. Efraimu, mtoto wa mwinjilisti wa Kidugala, alikuwa anasoma uchoraji huko Kampala, na likizo hiyo alirudi kukusanya sura za watu, vilima, nyumba na mienendo ya kutengenezea sinema yake ya mtihani. Gari la serikali lilishawahi kuja Njombe likaonyesha sinema kwenye shuka jeupe, kwa hiyo watu walijua sinema ni nini. Lakini hii ya kuchora kwa mkono iliwashinda.

"Nachora picha mia, kila moja imesogea kidogo tu," alimweleza Kristina siku ya kwanza. "Zikikimbizwa haraka, mtu anatembea."

"Na inahusu nini?"

"Mwanamke anamngoja mchumba wake aliyekwenda kukata mkonge Tanga."

"Halafu?"

"Anangoja."

"Halafu?"

"Basi."

"Na watu watakaa kuitazama hiyo?"

Efraimu alicheka peke yake. Alikuwa amemtafuta mtu mwenye uso wa kungoja kijiji kwa kijiji, na kila alikouliza walimwelekeza kwa mzee Yoeli. Nenda kwa Yoeli, ana binti.

Maana ni kweli. Miaka minne iliyopita Kristina alichumbiwa na Lameki, kijana yatima mwenye sikio la kushoto lililochanika. Jembe la uchumba likaletwa. Mwezi uliofuata Lameki akapanda lori la manamba, vibarua wa mkonge, kwenda Tanga, akaandika barua mbili, kisha kimya. Mzee Yoeli aliandika hadi wino ukamchosha. Hakuna aliyesema Lameki amekufa, wala aliyesema yu hai.

Na jembe likabaki nyuma ya mlango. Ukoo wa Yoeli haulimii jembe la uchumba. Linakaa pale hadi binti atoke nalo siku ya harusi. Uchumba ukivunjika, linarudishwa mkononi mwa mwenyewe, mbele ya shahidi. Sasa mwenyewe akipotea? Ndiyo hivyo, na wewe umepotea naye. Washenga wawili walishakuja kwa Kristina wakaonyeshwa lile jembe, wakanywa ulanzi wao, ile pombe ya mianzi, wakaaga.

Wiki ya sita ya kuchorwa, Efraimu aliweka penseli chini.

"Kristina, nikileta mshenga kwenu?"

"Jembe la Lameki liko ndani."

"Nikisema mimi sijali?"

"Baba anajali."

"Na wewe?"

Alijikagua, kama mtu anayepapasa mfukoni. "Wewe nakupenda, nafikiri. Ukichelewa huwa natazama njia. Lakini jembe liko ndani."

Efraimu akazungusha penseli vidoleni. "Ungejua Lameki yuko wapi, ungefanyaje?"

"Ningempelekea jembe lake."

"Halafu?"

"Sijui. Sijawahi kufika kwenye halafu."

Kijana akafungua mdomo. Akaufunga. "Tumalize picha kwanza," alisema. "Zimebaki chache."

Kristina akageuka, akatazama barabara.

Siku nne baadaye mvua iliwakuta uwanjani. Efraimu alikimbia na ubao wa kuchorea, Kristina akaokota karatasi zilizotawanywa na upepo. Alikusanya vilima vya Mlangali, wazee wenye mabaka usoni, maua ya Kitulo, na mikono mitupu isiyo na mtu. Moja ilikuwa imekunjwa mara nne. Akaikunjua asije akaiharibu.

Alikuwa mwanamume mbele ya cherehani. Sikio la kushoto limechanika. Chini yake, kwa mwandiko wa Efraimu, kwa kuwa kila sura aliiandikia maelezo: *Fundi Tanga, Makambako. Kila basi la Njombe likiingia, anainamisha kichwa.*

Aliingia nayo ndani taratibu, mvua inamnyeshea.

"Huyu ulimchora lini?"

Efraimu alipauka. "Nilipokuwa nikisubiri basi Makambako. Kabla sijakufahamu."

"Ulijua lini kwamba ni yeye?"

"Siku ya pili. Uliponisimulia habari ya sikio."

"Leo siku ya ngapi?"

"Arobaini na… arobaini na moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uso wako, Kristina. Ningekwambia, ungebadilika. Nikasema nimalize, wiki moja tu. Ikaisha, nikasema moja tena."

"Na wakati huo huo unataka kunioa."

"Nataka. Haki ya Mungu nataka."

"Ulitaka kunioa, ukaona heri kwanza ningoje kidogo."

Jamani! Mimi ningemrushia hata chungu. Kristina alizipangusa karatasi moja moja kwa kanga yake, akazipanga, akamkabidhi.

"Umekasirika?" Efraimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui. Nikijua nitakwambia."

Asubuhi yake mzee Yoeli alilitoa jembe mwenyewe. Lilikuwa limeshika kutu, na ukutani pakabaki umbo lake.

"Twende wote, mwanangu."

"Hapana, baba, kifua chako na baridi hii. Efraimu atakuwa shahidi. Kazi ya kutazama anaiweza."

Mzee alimgeukia kijana. Alikuwa ameambiwa yote. "Mimi nilidhani unachora," alisema. "Kumbe ulikuwa unamlinda asitoke."

Efraimu akainamisha kichwa. Wakapanda basi. Jembe lilikaa kati yao, abiria wa tatu.

Makambako ilikuwa njia panda tu siku zile: maduka machache, malori ya manamba, upepo unaokuvua kofia. Watu wote walikuwa wa kupita, ndiyo maana mtu aliweza kujificha hapo mchana kweupe. Basi lilipoingia, fundi mmoja kwenye baraza la duka la nguo aliinamia cherehani yake. Kristina akaenda akasimama mbele yake.

"Kamwene, Lameki."

Gurudumu la cherehani likasimama.

"Kristina…"

"Nimekuletea jembe lako."

"Nilitaka kuja kwenu. Nimerudi mwaka jana tu. Kila wiki nasema wiki hii nakwenda, wiki hii nakwenda…"

"Maili arobaini."

"Nilidhani umeshaolewa!"

"Na nani, Lameki? Jembe lako lilikuwa nyuma ya mlango wetu."

Mwanamke akatoka dukani na mtoto mgongoni. "Mgeni nani huyu, baba Alfonsi?"

Kristina akajibu mwenyewe, kwa sauti ile ile ambayo mtu angeulizia njia. "Naitwa Kristina. Alinichumbia kabla hajaenda mkonge. Nimerudisha jembe. Lipokee, Lameki."

Mikono ya Lameki ilikuwa imeng'ang'ania suruali aliyokuwa akishona. Mkewe, Beatrisi, alilitazama jembe, kisha akamtazama mumewe.

"Uliniambia huko kwenu huna mtu."

"Mama Alfonsi, nitakueleza…"

"Mimi utanieleza, tena utanieleza vizuri. Lakini kwanza pokea! Mtu ametoka Njombe na chuma begani, wewe umekumbatia suruali ya watu?"

Lameki akanyoosha mikono, akapokea. Macho yalimjaa machozi.

"Nisamehe, Kristina."

"Haya."

Beatrisi alivuta kigoda. "Kaa, dada. Kuna uji."

Kristina akakaa, akanywa. Alisubiri. Miaka minne alifikiri siku hii itamwangusha chini apige kelele, au itamwinua. Alijitazama ndani, hakuona kitu.

"Uji una sukari," alisema. "Asante, mama."

Walipokuwa wakisubiri basi la kurudi, Efraimu alikohoa. "Kristina, sema hata neno moja. Nitukane."

"Nionyeshe hizo picha. Zikimbize."

Alizibana upande mmoja, akaziachilia kwa kidole gumba, frrrr. Kristina akajiona. Anatoka mlangoni, anatazama barabara, anarudi ndani. Anatoka, anatazama, anarudi.

"Tena," alisema.

Frrrr.

"Tena."

Safari ya nne akamshika mkono. "Huyu mwanamke hafanyi kingine?"

"Sinema ndiyo inaishia hapo. Mwalimu wangu anaipenda hivyo."

"Mwalimu wako amewahi kusimama hapo mlangoni? Miguu inaganda, Efraimu. Moshi wa jikoni unakuja nyuma yako, maharage yanaungua, na wewe umesimama. Miaka minne!" Akauachia mkono wake. "Rudi Kampala. Usinichore tena."

Efraimu akaondoka wiki hiyo. Na Kristina? Alilima, akapika, Jumapili akaenda kanisani. Nyuma ya mlango aliweka ufagio. Washenga wangeweza kuja sasa, na mmoja alikuja, naye Kristina akamwambia baba yake wasubiri kidogo. Alikuwa hajui anasubiri nini, ila safari hii alisubiri akiwa ameipa barabara kisogo.

Mwezi wa nne kikaletwa kifurushi kutoka posta ya Njombe. Ndani yake karatasi nene zimefungwa kwa uzi, na barua.

*"Kristina, salamu nyingi. Nimeongeza picha themanini. Mwalimu amesema mwisho wa kwanza ulikuwa bora, akanipunguzia maksi, nami nimekataa kuurudisha. Nilikuona unaumia nikaona kazi yangu inakwenda vizuri. Sina neno zuri la kufunika jambo hilo. Karatasi ya mwisho nimeiacha tupu kwa sababu sijui mwanamke yule anakwenda wapi, na safari hii sitaki kumwamulia. Bado nakupenda. Usiponijibu nitaelewa. Efraimu."*

Akazibana karatasi, akaachilia. Mwanamke akatoka mlangoni, akatazama barabara, akarudi ndani. Kristina karibu aziweke chini. Lakini mwanamke akatoka tena, jembe begani, akashuka uwanjani, akapita mianzi, akafika ukingoni mwa karatasi, akaupita. Zikabaki vilima peke yake. Kisha nyeupe.

Aliirudia hadi mzee Yoeli akauliza nani anapepeta nini huko ndani.

Jibu lake lilikuwa la mistari mitatu: *"Ukileta jembe, nitalilimia siku hiyo hiyo. Nyuma ya mlango kuna ufagio, hapana nafasi. Na usije na penseli."*

Likizo iliyofuata alikuja, yeye na mshenga wake, mzee Kornelio, na jembe jipya linalong'aa. Maneno yakasemwa, ulanzi ukanyweka. Mzee Yoeli akalipokea jembe, na miguu yake, kwa mazoea, ikaanza kuelekea mlangoni.

"Baba, nipe."

"Mwanangu, kwetu jembe hili halilimiwi."

"Lile halikulimiwa, baba. Likatufaa nini?"

Mzee aliutazama ufagio nyuma ya mlango. Kisha akampa.

Kristina alikwenda moja kwa moja kwenye shamba la maharage, na viatu vyake vya kanisani. Efraimu akamfuata. Mpini ulikuwa mpya, haujalainika. Tuta la kwanza akalimaliza. Tuta la pili ngozi ya kiganja ikachubuka, naye akasimama akaukodolea macho mkono wake.

"Unauma," alisema, kwa mshangao kabisa.

"Lete nikufunge kitambaa."

"Unauma, Efraimu!" Na machozi yakaanza, ya miaka minne yote, yakamlowanisha shingo. "Nilisema nikijua nitakwambia. Basi nimejua. Nimekukasirikia."

"Najua."

"Sana!"

"Sema."

Akasema. Akalima na kusema, jembe likipanda na kushuka, ya Lameki, ya barabara, ya siku arobaini na moja, maneno ambayo binti wa Kilutheri hafundishwi. Efraimu alitembea kando yake bila kujitetea hata mara moja. Huko uwanjani mzee Kornelio aliuliza kama harusi ipo au haipo, na mzee Yoeli akamwambia anywe tu.

Mwisho wa tuta la sita Kristina akaegemea mpini, anahema.

"Nimemaliza."

"Basi niende zangu?"

Akajifuta uso kwa mkono wa gauni. Akamtazama kijana, akayatazama matuta yaliyobaki hadi kwenye mianzi, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, akacheka.

"Uende wapi? Na matuta yote haya atalima nani? Kachukue jembe la baba."

Efraimu akavua koti.