Kiraka kwenye Kioo cha Kompyuta

Kimya ndiye aliyekiona wa kwanza. Kilikuwa kisanduku kidogo cha buluu, chini kabisa ya kioo cha kompyuta, upande wa kulia. Kilichomoza asubuhi wakati anabadilisha uzi. Alikifunga, akaendelea na kazi. Kesho yake kikarudi.

Hakumwambia mtu. Jina la Kimya walimpa hapo nyumbani, na lilimkaa vizuri. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Shangazi yake alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba. Mtoto wa shangazi, ambaye Kimya alimwita kaka, alikata vitambaa na kupokea wateja. Kimya alidarizi. Alikaa mbele ya kompyuta kuukuu iliyounganishwa kwa waya na mashine ya kudarizi. Yeye alichagua mchoro, na mashine ikachora nembo ya shule kwa uzi kwenye kifua cha sweta.

Siku moja kaka naye akakiona kisanduku. Maneno yake yalikuwa ya kigeni, naye alikuwa anayajua kidogo. Akasema kompyuta inataka kuwekewa mfumo mpya, basi wabofye ndiyo, mambo yaishe. Shangazi akamshika mkono. Kompyuta hiyo ilikuwa imewalisha miaka kumi na mmoja, hakutaka ichokonolewe. Akachukua kiraka cha kitambaa cha sare, akakibandika kwa utepe wa gundi kwenye pembe ya kioo. Kisanduku hakikuonekana tena.

“Sasa kompyuta yetu inaumwa jicho,” kaka alisema.

Mwezi mmoja ukapita. Kisha asubuhi moja kisanduku kikatokea katikati ya kioo, kikubwa kama bahasha. Kiraka hakikufua dafu. Nao walikuwa na sweta mia mbili za kudarizi, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki tatu. Shangazi alichukua utepe wake wa kupimia, akapima kioo kizima. Kaka akamuuliza kama sasa anaishonea gauni. Shangazi akaona aibu, akauweka utepe chini. Akasema aitwe Mama Nyaya.

Mama Nyaya alikuwa jirani yao, fundi wa kompyuta. Popote alipokwenda, nyaya zilining’inia nje ya mkoba wake. Alikibandua kiraka, akakitazama mbele na nyuma, wala hakucheka. Shangazi akamuuliza huo mfumo endeshi ni mdudu gani.

“Ni programu kubwa inayoziongoza nyingine zote,” Mama Nyaya alisema. “Kama wewe hapa. Huyu anakata, yule anadarizi, lakini usipokuwepo kila mtu atafanya lake.”

“Kwa hiyo mimi ndiye niliyezeeka?”

“Kompyuta, dada yangu. Wewe bado.”

Akawaeleza pole pole. Waliotengeneza mfumo walikuwa wakituma marekebisho ya kuziba matundu, ili virusi visipenye. Kwa mfumo huu wa zamani walikuwa wameacha kutuma. Kompyuta ingeendelea kuwaka, lakini matundu yangebaki wazi. Nao walikuwa wanapokea michoro kwa intaneti, na kila mwalimu alikuja na flashi yake, iliyotoka anakokujua mwenyewe.

Njia zilikuwa mbili. Wangeweza kubaki na mfumo wa zamani, lakini waitoe kompyuta kwenye intaneti na wakatae flashi za watu. Au waweke mfumo mpya, ikiwa kompyuta ina nguvu za kuubeba. Kubofya ndiyo kwa haraka haikuwa njia. Programu ya kudarizi ingeweza kuukataa mfumo mpya, na mashine ingebaki kama meza.

“Michoro yenu iko wapi?” Mama Nyaya aliuliza.

Shangazi akaonyesha kompyuta.

“Na nakala ziko wapi?”

Shangazi akavuta kigoda, akakaa.

Kisha Mama Nyaya akauliza nani anakaa kwenye kompyuta kila siku. Wote wakamtazama Kimya. Fundi akamwomba aseme anavyoona.

“Isibadilishwe,” Kimya alisema.

Hawakuwahi kumsikia akisema neno kwa nguvu hivyo. Lakini alipoulizwa kwa nini, akainama na kuokota vipande vya uzi.

Sababu ilikuwepo. Kimya aliacha shule darasa la tatu. Nyumbani walilijua hilo, lakini walimwona anaendesha kompyuta, wakadhani kusoma alijifunza huko mbele ya safari. Hakujifunza. Alichojua ni mahali. Mchoro wa sita kutoka juu ulikuwa wa ndege. Alama ya pili ilifungua faili. Kitufe cha kushoto kilikuwa cha kukubali. Uso wa kompyuta ukibadilika, angepotea, na siri ingetoka. Kisha mashine angepewa mwingine, naye angerudi kukata ncha za nyuzi kwa mkasi, kama alipofika mara ya kwanza. Na mashine ile aliipenda.

Shangazi akawa anageuka upande wake. Alisema mwenye kazi ameshasema, basi watakataa flashi. Kaka akauliza nembo za shule zitaingiaje, zitapita dirishani? Kimya aliwasikiliza. Aliona neno lake moja linataka kufukuza wateja.

“Ninaogopa nitapotea,” akasema.

Mama Nyaya akamwambia kila mtu hupotea siku za mwanzo. Akaahidi kupanga kila kitu mahali pake pa zamani. Kimya akakubali kwa kichwa.

Fundi hakuanza na mfumo. Alianza kwa kunakili michoro yote kwenye diski mbili. Moja ikaingia kabatini kwa shangazi, nyingine ikalala nyumba ya pili, kwa jirani. Akawaandikia waliotengeneza programu ya kudarizi, wakajibu kwamba toleo lao jipya linakubaliana na mfumo mpya na mashine hiyo. Akaifungua kompyuta, akaiongezea kumbukumbu. Alisema ingekuwa dhaifu zaidi ya hapo, angewashauri wasiisumbue. Mwishowe akachomoa diski ya ndani, akaitia kwenye bahasha, na mfumo mpya akauweka kwenye diski nyingine. Ukigoma, walikuwa na pa kurudi.

Haukugoma. Kimya alichagua mchoro wa sita kutoka juu. Sindano ikatulia kidogo, kisha ikaanza. Ndege akatoka, bawa kwa bawa.

Maneno ya mfumo mpya Mama Nyaya aliyaweka kwa Kiswahili. Shangazi alifurahi, akawa anayasoma kwa sauti kama gazeti. Kimya alitabasamu tu. Sasa kila mtu alidhani yeye naye anayaelewa.

Wiki mbili zikapita vizuri. Kompyuta iliwaka upesi. Kila flashi ilikaguliwa kabla ya kufunguliwa, na mbili zilikutwa na virusi. Kila Ijumaa kaka alinakili michoro. Sweta ya mia mbili ilitoka siku tatu kabla ya shule kufunguliwa.

Jioni ile Kimya alikuwa akirekebisha mchoro mpya tangu asubuhi. Alipotaka kufunga, kikatokea kisanduku asichokijua, chenye swali na vitufe viwili. Mkono ukaenda kushoto, kama kawaida. Ukasimama. Huenda kitufe cha kushoto sasa kilikuwa cha kufuta. Kaka alikuwa amepeleka sweta shuleni.

Shangazi akaja, akavuta kigoda karibu naye. Akasema macho yake yamechoka, Kimya amsomee kisanduku kinauliza nini.

Kimya akatoa mkono kwenye kipanya.

“Sijui kinauliza nini, shangazi,” alisema. “Sijui kusoma. Miaka yote hii nimekariri mahali tu. Nisomee hiki, kisha unifundishe.”