Mahari kwa Maporomoko

Shati la Zacharie lilikuwa limefuliwa. Godelive alisimama nyuma ya nyumba, beseni kiunoni, akalitazama likining'inia kwenye kamba, jeupe kuliko yeye alivyowahi kulifanya kwa mikono yake. Jana Jumapili jioni alilitupa kapuni likiwa na tope hadi kwenye kola. Sabuni iliisha tangu Ijumaa. Alilivuta akalinusa. Halikunukia sabuni wala jua; lilinuka jiwe la mtoni na majani yaliyooza chini ya maji.

Mke mwingine angeshukuru Mungu akaenda zake kupalilia viazi. Godelive hakuwa mke wa namna hiyo. Wivu wake ulijulikana kijiji kizima cha Masereka, na padri mwenyewe aliwahi kumtania kwamba hata sanamu za kanisani zinaogopa kumwangalia Zacharie.

"Nani amefula hii chemise?" aliuliza.

Zacharie alikuwa akipaka viatu vyake mafuta. Hakuinua kichwa. "Si ni weye?"

Waliishi pamoja mwaka wa sita sasa, kwa mtindo ambao vijana huuita kwa Kilingala yaka tofanda, yaani njoo tukae. Zacharie hakuwahi kukanyaga kwa baba yake Godelive na mbuzi hata mmoja. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Hapo ndipo wivu ulipozaliwa. Godelive alijua kwamba siku mwanamume huyu akimchoka, hakuna mzee atakayeitwa kuamua. Atafunga vitenge vyake tu na kuondoka. Na Zacharie alikuwa na kazi ya kukutana na watu. Kila Jumapili baada ya misa aliwaongoza wageni kutoka Butembo, watu waliochoshwa na vumbi la mji, akiwatembeza vilimani: katikati ya mashamba ya vitunguu na ngano, juu ya mgongo wa mlima ambako siku ikiwa safi Ziwa Edouard huonekana kule chini, kisha kushuka hadi kwenye maporomoko. Alikuwa na maneno matamu, na wageni walimpenda. Wanawake hasa, kwa hesabu ya Godelive.

Juma lililofuata soksi za Zacharie zilikutwa zimeshonwa. Juma la tatu alirudi matembezini akasukuma sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo, akasema ameshiba. Ameshiba wapi, hakusema. Midomo yake ilikuwa ya baridi. Jumatano, mchana kweupe, Godelive aliingia chumbani kuchukua jembe, akakuta kitanda kimetandikwa vizuri, na upande wake yeye, upande wa ukutani, godoro limelowa na kubonyea kwa umbo la mtu.

Alikaa chini akalia kwa hasira. Hakuwaza jini. Aliwaza Nadège.

Nadège alikuwa msusi wa Butembo ambaye hakukosa matembezi hata Jumapili moja. Godelive alimvizia nje ya kanisa, akamshika mkono kwa nguvu.

"Mimi sitapiga kelele hapa kwa Mungu," alimnong'oneza. "Uniambie tu. Ni weye unamufuliaka bwana yangu nguo?"

"Mimi? Hapana, Mama! Mimi naogopaka hata kumukaribia, ju nyinyi muko mbele pamoja, amekushika mukono."

"Amenishika mimi? Mimi nabakiaka kwa nyumba."

Nadège akajitoa mkononi mwake polepole na kupiga ishara ya msalaba.

"Donc ule mama ni nani?"

"Mama gani?"

"Ule wa mbele. Hageukake. Tulizania njo weye. Lakini... hata jua ikiwaka namna gani, nguo yake haikaukake."

Siku hiyo Godelive alikwenda matembezini. Alijipanga nyuma kabisa, kitenge kimefunika nusu ya uso. Njia ilikuwa nzuri na hilo lilimuumiza zaidi, kwamba uzuri wote ule ulikuwa wa kila Jumapili na yeye hakuwahi kuitwa kuuona. Kwenye mgongo wa mlima wageni walisimama kuangalia ziwa. Walipoanza kushuka kati ya mikalitusi, ukungu ulipanda kutoka bondeni, na hewa ikaanza kunuka lile shati. Mbele, Zacharie alitembea mkono wake wa kushoto ukiwa umenyooshwa kidogo pembeni, vidole vimekunjwa, kama anashika kitu. Godelive hakuona mtu pale. Lakini majani ya njiani upande ule wa kushoto yalikuwa yakilala chini, moja baada ya jingine, na kuinuka tena yakichuruzika maji.

Kwenye maporomoko Zacharie alipanda juu ya jiwe, akatoa kidumu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi.

"Ba invités," alisema akicheka, akionyesha maporomoko, "huyu njo bibi yangu ya sheria. Kila dimanche namulipiaka dot, mahari yake. Na nyinyi muko batemoin!" Aliona wanacheka, akarudia, "Mashahidi! Muko mashahidi yangu!"

Akamimina majini. Wageni walipiga makofi, kila mmoja akapokea kidumu na kumimina kidogo. Nadège peke yake hakumimina. Mzee mmoja alikumbusha mbuzi wa Pasaka, yule waliyemchinja juu ya jiwe lile lile, Zacharie akitangaza kwamba ni mbuzi wa baba mkwe, na wakacheka tena.

Godelive hakucheka. Miaka sita, na hakuna aliyemwaga hata tone moja kwa ajili yake. Hakuna aliyesimama mbele ya watu akasema huyu ni wangu. Roho ilimuuma mpaka akatamani kuyarukia yale maji na kuyang'oa kwa kucha, na alipokuwa amesimama hivyo, meno yameumana, ukungu ukawafunika wageni mmoja mmoja na vicheko vyao vikasikika kana kwamba vinatoka mbali, ndipo kitu cha baridi kikamgusa sikio la kulia, kikapumua harufu ya jiwe na majani mabovu, na sauti ya mwanamke ikamwambia kwa upole, bila haraka, kama mwenye nyumba anavyomwambia mtu aliyeingia bila kubisha hodi:

"Mugeni, utaondoka lini kwa nyumba yangu?"

Alikimbia. Alipanda mlima kwa mikono na magoti hadi barabarani, alikosimama Lukumani, dereva Mwislamu wa Beni aliyewaleta wageni kwa basi lake dogo. Mama yake Lukumani alikuwa akitibu watu wenye majini, na yeye alikua akimshikia chetezo. Alimsikiliza Godelive mpaka mwisho, kisha akasoma maneno chini chini na kumpulizia usoni.

"Mama Godelive, nitakuambia mubaya," alisema. "Ule jini hakuiba mutu. Bamemulomba, bamemulipia dot, na batu bameona. Yeye njo bibi. Weye njo unachukiwa, ju uko kwa nafasi yake."

"Nifanye nini?"

"Zacharie aende kwa baba yako na mbuzi. Akuoe mbele ya batu, kweli kweli. Kabla hajamuchukua kabisa."

Zacharie aliposimuliwa jioni ile hakubisha. Alitazama kiganja chake cha kushoto, kilichokunjamana kama cha mtu aliyefua siku nzima, akakifuta kwenye suruali. "Nilikuwa nacheza," alisema. "Godé, nilikuwa nacheza tu." Kesho yake akauza baiskeli, akanunua mbuzi.

Jumamosi iliyofuata walikuwa kwa mzee Malachie, baba yake Godelive, ng'ambo ya mlima, mbali na mto wowote. Jua liliwaka. Godelive alikuwa na furaha mpaka akaona haya. Shangazi walimketisha sebuleni kwenye mkeka pamoja na binamu yake Séphora, wakawafunika vitenge kuanzia kichwani hadi miguuni. Ndiyo desturi: bwana harusi anaingia, na bila kusema neno anamtambua mke wake chini ya kitenge. Akikosea anachekwa mwaka mzima.

"Atanijua?" Godelive alinong'ona.

"Na pua yako ile, nani hatakujua?" Séphora alijibu, wakabana vicheko.

Nje mbuzi walilia. Watu wakaingia, wakanyamaza. Chini ya pindo la kitenge Godelive aliona ukanda mwembamba wa sakafu, na viatu vya Zacharie vikikaribia. Séphora alikuwa kulia kwake. Kushoto hakukuwa na mtu; kulikuwa na mkeka mtupu mpaka ukutani. Lakini mkeka wa upande wa kushoto ulibonyea, taratibu, na maji yakapita chini ya goti lake yakitafuta njia, na mtu mwingine aliyefunikwa akavuta pumzi pale, kwa mwendo ule ule wa pumzi zake.

Viatu vilisimama mbele yake. Alivitazama, akaomba kwa Mungu na kwa watakatifu wote aliowajua, akijikaza mwili mzima kuelekea kwa mwanamume yule kana kwamba angeweza kumvuta kwa wivu peke yake, ule wivu wa miaka sita. Viatu vikageuka, vikasogea hatua moja upande wa ukutani.

"Ni huyu," alisema Zacharie.

Kitenge kilivutwa. Shangazi wakapiga vigelegele, na mama yake Godelive akalia kwa furaha. "Mutoto yangu! Godelive yangu, ona vile umekuwa muzuri leo!"

Godelive alikichana kitenge chake akainuka. Vigelegele vilikatika. Mama yake, aliyekuwa ameshika mashavu ya bibi harusi kwa mikono miwili iliyolowa, aligeuza kichwa akamtazama kuanzia usoni hadi miguuni, akamuuliza kwa adabu:

"Na weye, mama, uko mutoto ya nani?"