Saini Themanini na Nane

Kila siku kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara, akapita lango la chuo kikuu, akamwamkia mlinzi wa lango la bweni la wasichana, kisha akaingia katika bweni hilo ambako mama yake alikuwa mfanyakazi wa usafi. Jina lake halisi lilitumika katika daftari la mahudhurio tu. Kwingineko kote aliitwa Chiriku, kwa sababu tangu alipojifunza kusema, miaka kumi na moja iliyopita, hakuna aliyekumbuka kumwona amenyamaza.

Bweni hilo lilikuwa na ghorofa nne na mabomba mengi, lakini pampu ilikuwa imeharibika kwa miezi mitano. Maji yalikubali kutoka katika bomba la uani peke yake. Mabomba ya juu yalitoa upepo. Kila aliyepita alilifungua moja kuona kama limebadili nia. Bomba likakohoa, naye akaenda zake bila kulifunga. Kwa hiyo wasichana walipandisha maji kwa ndoo. Mama yake Chiriku alipandisha ndoo kumi na mbili kila siku ili aoshe vyoo vya ghorofa ya nne. Akishuka, alishika kiuno kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

Dada yake Chiriku alisoma katika chuo hicho, na mwaka huo alikuwa Waziri wa Makazi katika serikali ya wanafunzi. Ofisi ya serikali hiyo ilikuwa chumba kilichokuwa chini ya ngazi za bwalo la chakula, chenye kiti kimoja. Rais wa wanafunzi alikikalia kiti. Mawaziri walisimama, na yule mrefu kuliko wote aliinamisha kichwa kwa ajili ya ngazi, hata wageni wakamsifu kwa adabu yake.

"Ndugu mawaziri," Rais alisema siku ya Jumatatu, "suala la maji ni suala nyeti. Napendekeza nitoe hotuba."

"Mheshimiwa, umeshatoa hotuba tatu," dada yake Chiriku alijibu. "Pampu haina masikio. Kanuni ya chuo inasema hivi: tukipeleka ombi lenye saini mia tatu za wakazi au wafanyakazi wa bweni, Mlezi wa Wanafunzi analazimika kulifikisha kwenye baraza la chuo. Baraza linakutana Jumatatu ijayo, kisha ni mpaka muhula mwingine. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, saa kumi jioni."

"Na nani atakusanya saini mia tatu wakati huu wa mitihani?"

Mlangoni ikasikika sauti ndogo. "Mimi."

Mawaziri waligeuka. Chiriku alikuwa amesimama pale na begi lake la shule, na ilionekana wazi kuwa amesikia kila neno.

"Huyu anaongea na watu mia tatu kabla ya chai," dada yake alisema huku akicheka. Akakata kipande cha karatasi ngumu, akaandika NAIBU WAZIRI, na kukibana kwa pini kwenye sare ya mdogo wake. "Lakini sikiliza. Kila mtu aandike mwenyewe: jina, chumba, saini. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa Waziri!"

Siku ile Chiriku alianzia kwenye ngazi za bweni. Kila aliyemsimamisha alikuwa na ndoo mkononi au kichwani.

"Dada, tia saini!"

"Kwa mkono upi, mdogo wangu? Huu ulioshika ndoo au huu unaoshika ukuta?"

Basi akahamia bwaloni, kwenye foleni ya chakula. Huko mikono ilikuwa mitupu, lakini midomo ilikuwa na kazi. Mmoja alimwuliza, "Nitie saini? Kwani nimekamatwa?" Mwingine alisema angesaini iwapo ombi lingeongeza na suala la nyama. Wa tatu alisoma ombi zima, akasahihisha alama za mkato, kisha akakumbuka kuwa haishi katika bweni hilo. Hata hivyo Chiriku hakuchoka Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi jioni alihesabu: mia mbili na kumi na mbili. Zilibaki themanini na nane.

Alikaa kwenye benchi bwaloni, koo limekauka. Akaitazama beji yake, kisha akainua macho ukutani. Hapo palikuwa na ubao mkubwa wa mbao wenye majina ya wanawake, yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Sehemu ya juu ya ubao haikuonekana, maana ilikuwa imefunikwa na picha kubwa ya Rais wa wanafunzi, iliyobaki tangu kampeni, akitabasamu hadi magego.

"Hawa lazima ni wanafunzi wanaomuunga mkono," Chiriku alijiambia. "Na kama wanamuunga mkono, wangekubali tu. Nikiwaandikia nawapunguzia kazi."

Majina yalikuwa arobaini na manne. Aliyaandika yote, akibuni vyumba na kubadili kalamu. Saini nyingine aliiandika kwa mkono wa kushoto, nyingine akaipa mkia mrefu kama wa nyani. Alipomaliza, bado zilikosekana arobaini na nne. Akaanza upya, safari hii kutoka chini kwenda juu, ili watu wasitambue.

Ijumaa, saa nane mchana, walisimama watatu mbele ya meza ya Mlezi wa Wanafunzi: Rais aliyevaa suti, Waziri wa Makazi, na Naibu wake mwenye beji. Mama Mlezi alikuwa mwanamke mwenye mvi na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuwatazamia watu. Alivaa ya kusomea. Alifunua karatasi moja baada ya nyingine, akafika ya mwisho, akatulia.

"Ombi zuri," alisema. "Naona na mimi nimelitia saini."

Akaweka kidole juu ya jina.

"Hapa. Jina langu kamili, chumba cha 412. Na hapa tena, chumba cha 230. Nalala vyumba viwili. Waziri wa Makazi, mbona hujanishughulikia?"

"Mama, mimi... sielewi," dada yake Chiriku alisema.

"Na huyu aliye juu yangu alikuwa mwalimu wangu. Tulimzika miaka tisa iliyopita. Ikiwa shida ya maji imemfuata hata huko aliko, basi ni kubwa kuliko nilivyodhani." Mama Mlezi aliweka karatasi mezani. "Majina haya yako kwenye ubao wa bwaloni. Ni viongozi wa bweni lile tangu chuo kilipofunguliwa. Mimi ni wa kumi na tisa."

"Ubao upi, Mama?" Rais aliuliza.

"Ule uliobandikia picha yako, Mheshimiwa."

Rais akakohoa kama bomba.

"Kanuni ni fupi," Mama Mlezi aliendelea, na sasa hakuwa akitania. "Ombi lenye saini za uongo hutupwa, na aliyelileta huvuliwa cheo. Waziri, karatasi hizi umezileta wewe?"

"Ndiyo, Mama. Ni mimi niliyezileta."

Rais, aliyekuwa bega kwa bega na Waziri wake, alisogea hatua moja kando na kuanza kusoma kalenda ya ukutani kwa makini sana.

Chiriku alimtazama dada yake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Nani angemshuku mtoto wa shule ya msingi? Lakini alimwona dada yake amesimama peke yake mbele ya meza, akaikumbuka mikono miwili ya mama yake kiunoni. Beji ikawa nzito kifuani kama jiwe la kusagia.

"Ni mimi," alisema. "Dada hakujua. Aliniambia kila mtu aandike mwenyewe. Nilichoka, nikawaandika walio ukutani. Mara mbili."

Mama Mlezi alibadili miwani. "Na hizo mia mbili na kumi na mbili za mwanzo?"

"Ni za kweli, Mama. Hata za wale walionitukana."

"Walikutukana?"

"Mmoja aliniita king'ora."

Mdomo wa Mama Mlezi ulitikisika kidogo, ukatulia. "Karatasi ambayo sijaipiga muhuri bado ni karatasi tu, haijawa ombi. Ombi nitalipokea likiwa safi. Nafunga saa kumi kamili, wala sitaongeza dakika."

Dada yake aliomba rula. Alikata jina la uongo moja baada ya jingine, yote themanini na manane, bila kumtazama mdogo wake. Hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi. Alipomaliza, dada alinyoosha mkono, akaichomoa beji. "Mimi nabisha hodi vyumbani," alisema. "Wewe nenda kwenye ngazi."

Kwenye ngazi mambo yalikuwa yaleyale: ndoo zinapanda, mikono imejaa. Msichana mmoja alimpita akihema. Chiriku alifungua mdomo ili aanze maneno yake, akaufunga. Badala yake alinyoosha mikono.

"Dada, nipe ndoo. Wewe shika kalamu."

Msichana alishangaa, akampa, akatia saini akiwa amesimama. "Miezi mitano nimepanda ngazi hizi," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza serikali kunipokea mzigo."

Habari zikapanda ngazi haraka kuliko maji. Foleni ikafanyika. Rais naye, kwa kuwa hakuwa na pa kujificha, akapewa ndoo mbili.

"Wananchi wenzangu," alianza, na maji yakamwagika ndani ya kiatu chake cha kushoto. "Tafadhali sainini upesi!"

"Hii ndiyo hotuba yako bora, Mheshimiwa!" mtu alipaza sauti kutoka juu, na ngazi nzima ikacheka.

Ilipofika saa kumi kasoro dakika kumi na tano, dada alishuka na karatasi zake, wakajumlisha. Mia mbili na tisini na nane. Ngazi zilikuwa tupu, vyumba vyote vimeshabishiwa hodi, na walioko madarasani wasingerudi kabla ya saa kumi.

Mama yake Chiriku alikuwa amesimama kwenye kona ya ngazi na fagio lake. "Wiki nzima," alisema, "mtoto wangu amenipita na kalamu mkononi, hajaniuliza hata siku moja."

"Mama, nilidhani ni mambo ya wasomi."

"Na mimi kila jioni kwenye darasa la watu wazima nasoma nini? Mawingu? Kanuni si inataja wafanyakazi? Lete hiyo karatasi."

Aliifuta mikono kwenye kanga, akaweka karatasi juu ya ndoo iliyofunikwa, akapiga magoti. Herufi ya kwanza aliiandika polepole. Ya pili aliitazama kabla hajaianza. Rais alitazama saa yake, kisha dari, kisha saa.

"Mama," alisihi, "hata herufi mbili tatu za mwanzo zinatosha."

"Baba, jina langu lina herufi kumi na nne," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Zote nilifundishwa. Hakuna hata moja itakayobaki nje."

Hakuna aliyethubutu kumharakisha tena. Alipomaliza, mlinzi wa lango aliyeitwa na dada alichora yake kwa mchoro mmoja kama umeme, na Chiriku, dada yake, mama yao na Rais wakakimbia, kiatu kimoja cha Rais kikilia chwa, chwa, chwa.

Mama Mlezi alikuwa na muhuri mkononi na jicho kwenye saa. Alipitisha kidole kwenye majina mapya, akasimama kwenye lile lenye herufi kubwa zilizoinama kidogo. "Hili sina haja ya kuliuliza," alisema, na muhuri ukagonga.

Jumatatu baraza lilikubali, na baada ya wiki mbili fundi alileta pampu mpya. Rais alikwenda bwaloni mwenyewe kubandua picha yake. Siku pampu ilipowashwa, wote walisimama uani kungoja. Wakasikia mngurumo, kisha vigelegele, kisha mayowe. Mabomba yote ya juu yaliyofunguliwa kwa miezi mitano yalikuwa hayajafungwa hata moja. Maji yalishuka ngazi, ghorofa kwa ghorofa, yakiwa yametanguliwa na kandambili za watu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akampa Chiriku tambara, akachukua la kwake, wakaanza kukausha ngazi ya kwanza.

"Mwanangu," alisema huku akikamua, "kwa miaka mingi nilitia dole gumba kwenye kila karatasi niliyoletewa, bila kujua inasema nini. Nilipojifunza kuandika jina langu, mwalimu wetu alisema: ukitia saini, umesimama hapo kwa miguu yako, hata kama uko mbali. Wewe uliwasimamisha watu wasiokuwepo. Siku ya kuulizwa, nani alisimama?"

"Mimi peke yangu, Mama."

"Ulisimama kwa kusema kweli, na ndipo wengine mia tatu wakaweza kusimama nawe. Uongo ulionekana njia ya mkato, lakini kazi uliifanya mara mbili. Usisahau."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akakamua tambara lake. Dada yake alishuka akinyanyua sketi isilowe, akambana kifuani beji mpya. Ilisomeka: WAZIRI WA MATAMBARA.

"Sasa, Mheshimiwa," dada alisema, "kuna ghorofa tatu zinakungoja huko juu."