Mwanahabari wa Kwenye Kitabu

Ukumbi ulijaa wanaume waliovaa makoti ya kaki, kwa sababu tangazo la filamu lilitaka mtu wa kuigiza mwanahabari aliyekwenda ughaibuni akamsahau mchumba wake. Mwandishi wa riwaya yenyewe, mwanamke wa makamo ndani ya gauni la zambarau lililomkaa vizuri, alikuwa akipenya katikati yao aliposikia sauti nyuma yake.

"Kidoti, wote hawa wanataka kuwa mimi?"

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemwita jina hilo. Akageuka. Mrefu, mchumba wake wa zamani, alikuwa amekonda, shati linamwelea, jicho la kushoto limefumba kabisa.

"Umefuata nini?" akamuuliza. "Mkeo wa huko amekuchoka?"

"Mke yupi?"

"Yule aliyepokea simu yako. Aliniambia, 'Amelala, usimsumbue.' Nikakata."

"Yule alikuwa muuguzi. Nilikuwa sijitambui. Niliandika habari, wenyewe niliowaandika wakanipiga, jicho likaenda hapo hapo. Nilipopata nafuu nikapelekwa jela."

Mwandishi akaegemea ukuta. Riwaya nzima aliijenga juu ya simu ile moja.

"Mbona hukunitafuta ulipotoka?"

"Nilikwenda nyumbani kwanza, nikakuta mama ameshazikwa. Kila mtu mtaani alijua mwanahabari wa kitabuni ni mimi. Walikuwa wakimcheka hata dukani. Amekufa akiamini kuwa nilikutupa. Dada yangu hataki kuniona. Mimi haniamini, labda wewe atakuamini. Twende ukamwambie."

Mwandishi aliiacha meza ya usaili, wakaondoka.

Dada mtu, fundi cherehani, aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia ikiningʼinia shingoni. Mwandishi alieleza yote, ya simu na ya kitabu, bila kujitetea. Alipomaliza, dada alimvuta kaka yake kifuani akalia kwa kwikwi. Kisha akamgeukia mgeni.

"Wewe ningekuita wifi," akasema polepole. "Sasa sijui nikuite nani."

Mrefu akamsindikiza mpaka getini.

"Nitaisimamisha hiyo filamu," Mwandishi akasema.

"Umeshaiuza, mpenzi. Si yako tena."

"Basi nioe. Nimekaa miaka yote hii bila mtu, Mrefu. Nilikuwa nakutukana kwenye karatasi na bado nakungoja."

Mrefu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Akamfuta machozi kwa kiganja.

"Nakupenda. Hata jela upendo huo haukuniisha. Lakini kila nikikutazama nitamwona mama anachekwa dukani. Tutakaaje nyumba moja hivyo?"

Hakungoja jibu. Akarudi ndani kwa dada yake.

Mwandishi alimsihi mwongozaji abadilishe mwisho, akaambiwa watu wanalipa ili wamchukie huyo mwanamume. Filamu ikatoka, kumbi zikafurika. Siku ya kwanza alikaa kiti cha nyuma kabisa, kitambaa kimemfunika nusu ya uso. Simu ilipolia kwenye skrini na mwanamke mwingine akapokea, ukumbi mzima ulizomea.

Mwandishi akasimama. "Alikuwa hospitali," akasema.

"Kaa chini, mama," mtu mmoja akamwambia. "Wenzio tunatazama."