Amina Iliyosemwa Kiamunyi

Jua lilikuwa likizama upande wa milima ya Mau nilipomshika mkono mke wa mwanangu, nikaanza kumtafutia kitanda katika mji wa Nakuru. Linah alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, na daktari alitaka kumwona asubuhi. Tulikuwa tumeteremka kutoka kwetu Mau Narok mapema ili barabara isimchoshe siku hiyo hiyo. Mwanangu Kibii, aliyekuwa kazini kwenye shamba la maua huko Naivasha, angetukuta hospitalini.

Mimi ni mwinjilisti. Nimeitembea nchi hii kubwa kwa ajili ya Neno, na nimelala kila mahali anapolazwa msafiri: hoteli za ghorofa zenye lifti, lodging za juu ya baa ambako muziki hauzimwi, hosteli za kanisa, hema za watalii kando ya ziwa, hata vyumba vya majumbani vinavyokodishwa kwa simu. Sikuwahi kuuogopa mlango wa ugenini.

Sasa nauogopa. Na nina hasira.

Mahafali ya chuo yalikuwa yameujaza mji. Kwenye hoteli ya kwanza, bawabu alituzuia langoni.

"Mathe, huku ni booking ya simu tu."

"Mwanangu, humwoni huyu hali yake?"

"Naona. Lakini si mimi niliyempa mimba." Yeye na mwenzake wakacheka.

Kwenye lodging tuliambiwa kwamba wajawazito huharibu shuka. Kwenye hosteli ya kanisa, dada mmoja mwenye msalaba shingoni alisema kumejaa, akatutakia baraka, akafunga dirisha. Akafunga! Watu hao huimba kila Desemba juu ya Mariamu aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni. Huimba mpaka machozi yawatoke.

Linah aliketi kwenye ngazi, akashika kiuno.

"Mama, Mariamu alau alipata zizi. Sisi hata ng'ombe hawatutaki."

Mwuza mahindi aliyekuwa karibu alituhurumia. Alijua nyumba moja inayolaza wageni, mtaa wa Kiamunyi, nje kidogo ya mji.

"Ya Mzee Bethwel. Huyo hakatai mtu," alisema. "Hasa wenye mimba."

Nilimshukuru Mungu kwa neno hilo. Nilimshukuru kwa sauti.

Ilikuwa nyumba ya mawe, safi, iliyofagiliwa mpaka langoni. Mzee Bethwel alitupokea akiwa na beji ya kanisa kifuani. Alilitazama tumbo la Linah kabla ya uso wake.

"Karibuni. Karibu sana, mwanangu. Umechoka."

Ndani palinuka maziwa yaliyochacha. Na chini ya harufu hiyo, nyingine... udongo mbichi.

Meza ilikuwa imeandaliwa ugali, mboga na maziwa. Sahani nne. Sisi tulikuwa watatu.

"Tunamngoja nani?" niliuliza.

"Mama wa nyumba."

Nilitega sikio upande wa jikoni. Hakukuwa na sufuria iliyogongana, wala maji yaliyomwagika.

Katika nyumba zetu, mgeni ndiye huombwa aombee chakula. Mwenyeji akimwona mgeni mwenye Biblia, hamwachi apumzike. Bethwel aliiona yangu kwapani, akaiepuka kwa macho.

"Nitaomba mwenyewe," alisema.

Alianza vizuri. Alishukuru kwa safari, kwa mvua, kwa mkate wa kila siku. Kisha sauti yake ikashuka... ikashuka... Mimi sikufumba macho. Nilimsogelea, nikayanasa maneno ya mwisho.

"...na kilichobebwa chini ya paa hili, Chepchumba, ni chako. Na watu wote waseme..."

"Amina," akasema Linah.

Aliisema kama alivyoisema tangu shule ya Jumapili, macho yamefumbwa, bila kujua anaitikia nini. Mtume aliwaonya Wakorintho juu ya jambo hilo hilo. Nasi tumewalea watoto wetu waitikie tu.

Kiti cha nne kikakwaruza sakafu.

Taratibu. Kama mtu anayeketi.

"Mama..." Linah alinong'ona. Mikono yake ilikuwa tumboni. "Mtoto ameacha kucheza."

Niliipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaanguka.

"Chepchumba ni nani, wewe mzee? Sema!"

Bethwel alikuwa analia.

"Bibi yangu. Tulikuja huu mji usiku, uchungu umemshika, gari limeharibika. Tukabisha kila mahali. Kumejaa. Kumejaa. Akafia kwa ngazi ya lodging, mtoto akiwa ndani. Nikajenga hapa ili nisifukuze mtu, mathe. Naapa. Lakini alirudi. Alirudi akitaka mtoto."

"Ukampa wa wengine!"

Niliwaka hasira juu yake, na juu ya kila mlango uliofungwa mbele ya mwanamke yule. Nikamgeukia Linah.

"Irudishe hiyo Amina!"

"Nairudisha aje, mama?"

"Kwa kinywa hicho hicho!"

Alisimama. "Sijakubali. Sikusikia kilichoombwa. Huyu mtoto ni wangu na Kibii. Sikubali!"

Pumzi ya vuguvugu, ya maziwa machachu, ikapita shavuni mwangu. Ikasimama mbele ya tumbo la Linah. Kisha sauti ya mwanamke, ya upole, ya mtu aliyechoka kubisha:

"Kumejaa?"

Nilimjibu.

"Chepchumba, ulikosewa. Milango ile itahukumiwa, na Bwana anakujua kwa jina. Lakini tumbo hili si nyumba ya wageni. Kwa jina la Yesu, toka mbele yake."

Linah akapiga ukelele. Mtoto alikuwa amepiga teke.

Tulitoka bila kuaga, tukalala kwenye benchi la hospitali. Hapo hakuna aliyetuuliza kitu. Asubuhi daktari alisema mapigo ya mtoto ni mazuri, na baada ya siku chache Linah alijifungua msichana mzima. Nyumba ya Bethwel ingali inapokea wageni. Niliwaambia wazee wa kanisa lake. Wakaniambia ni mtu mwema, mkarimu, nisimchafulie jina.

Nami nimehubiri ukarimu maisha yangu yote. Nimewaambia watu kwamba mgeni anaweza kuwa malaika.

Jioni iliyopita tulikuwa mezani, huku Mau Narok, mtoto, sasa wa miezi minne, akiwa mapajani mwa Linah. Nilimaliza kuomba. Kabla hatujaitikia, mlango ukabishwa. Polepole. Mtoto akageuza kichwa, akacheka, kama anayemfahamu aliyeko nje. Sauti ile ile ya upole ikauliza:

"Kumejaa?"

Linah alinitazama. Nilinyanyuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikashika komeo.

Sikufungua. Wala sikuweza kusema kumejaa.