Kichwa cha Mwalimu Mkuu

"Waambie warudi makwao! Nimelala!"

"Mtu aliyelala anapiga kelele hivyo, baba?"

Binti akabaki ameegemea mlango wa chumba cha baba yake, huku uani watu kumi na saba wakisubiri, wengine wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Hii ilikuwa asubuhi ya tatu mfululizo. Yeye ni fundi cherehani, lakini wiki nzima cherehani hakuigusa. Alipita mlango kwa mlango, akafungua kundi la simu akaliita "Mwalimu Asimame", akapanga zamu kwenye karatasi.

Baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amepasuliwa kichwa kuondolewa damu iliyoganda. Siku kumi na moja walikuwa hawajui atapona au ndiyo basi. Sasa karudi nyumbani, na daktari kasema wazi:

"Miguu haina ubovu. Ila asipotembezwa kila siku, watu wawili wakimshikilia, hatasimama tena. Wiki sita hizi ndizo zitakazoamua."

Watu wakaitika, tena kwa moyo mmoja. Mgonjwa mwenyewe ndiye hataki kuonwa!

Binti akachoka kubembeleza, akasukuma mlango. Baba alikuwa ameketi kitandani, kofia mkononi, kioo kidogo mapajani. Akaivaa kofia haraka, lakini binti alishaona. Upande wa kulia nywele nyeupe zimesimama timutimu. Upande wa kushoto wamenyoa mpaka ngozini, na mshono uliokauka umepita juu ya sikio.

"Kumbe ni nywele, baba?"

"Usiseme 'kumbe ni nywele'!" Sauti ya mzee ikakatika. "Wote walio nje nimewafundisha mimi. Kila asubuhi nilisimama getini. Hujachana? Rudi nyumbani ukachane nywele! Leo nitoke mbele yao hivi? Bora nisitembee."

Binti akatoka machozi yakimlengalenga. Dawa alimpa, uji alimnywesha, shuka alibadilisha, lakini hilo halikumjia kabisa akilini. Na mkono ambao angeuamini karibu na ule mshono ulikuwa mmoja tu.

Hapo ndipo penye shughuli. Miezi minane nyuma baba alifoka: "Sikukusomesha uje uolewe na mtu wa kufagia nywele za watu!" Naye, kwa kumheshimu mzee, akamwandikia mchumba wake, Kinyozi: "Usinitafute tena." Kinyozi hakumtafuta. Tangu siku hiyo binti akienda dukani anazunguka mtaa mzima, asipite mbele ya kibanda chake, maana bado alikuwa anampenda.

Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Samahani. Baba anahitaji kunyolewa. Najua sina haki ya kukuomba."

Jibu likaingia simu ingali mkononi: "Nakuja."

Robo saa haikupita, Kinyozi akaingia uani akihema, mkoba wa mashine begani. Nyuma yake akaja muuza magodoro, jitu la miraba minne, kitambaa cha kinyozi kingali shingoni, kichwa kimenyolewa nusu!

"Na huyu vipi?" binti akauliza.

"Ujumbe wako ulinikuta katikati ya kichwa chake. Nikamwambia anisubiri, akakataa."

"Mwalimu wangu anaumwa, nisubiri nini?" muuza magodoro akadakia. "Nimepita sokoni hivihivi. Wamenicheka, nikawapungia mkono."

Kinyozi akashusha sauti. "Hujambo, Sindano?" Hilo ndilo jina alilompa zamani, kwa ukali wa ulimi wake.

"Sijambo. Umekonda."

"Wewe je?"

Wakaingia ndani kabla machozi hayajaonekana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mzee akageukia ukutani. "Mimi si nilikukataa, kijana?"

"Ulinikataa, Mwalimu. Inamisha kichwa kidogo. Ikiuma, nibane mkono."

Mashine ikaanza kunguruma. Kinyozi alikwenda polepole, na alipofika kwenye mshono akaizima, akachukua mkasi mdogo. Mzee akamkamata mkono.

"Inauma, Mwalimu?"

"Haiumi."

Lakini mkono hakuuachia.

Nje kicheko kikalipuka. "Wanamcheka nani?" mzee akashtuka. Binti akafunua pazia.

"Yule nani kanyolewa nusu?"

"Muuza magodoro, baba. Umemsahau?"

"Nimsahau? Nilimrudisha nyumbani mara nne! Mpaka leo hajabadilika?" Mzee akaangua kicheko, cha kwanza tangu alazwe, akacheka mpaka kikageuka kilio. "Amepita sokoni hivyo kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako, baba."

Mzee akajifuta uso. "Niinueni."

Kinyozi kulia, binti kushoto. Hatua moja. Ya pili. Akayumba, wakamshika sawasawa. Alipotokeza mlangoni, kichwa kinang'aa kwa mafuta, watu wote wakasimama kama darasani:

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Karatasi ya zamu iko wapi?" Akaisoma toka juu mpaka chini. "Kinyozi simwoni humu."

"Sikumwandika, baba. Nilikuogopa."

"Mwandike. Kila siku."

"Wiki zote sita?"

"Wiki sita ni za miguu yangu. Wewe mwandike, na usimfute tena." Akawatazama wote wawili. "Nilikosea, wanangu. Nisameheni."

Kinyozi akamtazama binti juu ya bega la mzee. "Sindano, umesikia?"

"Nimesikia," akajibu, machozi yakimtiririka bila kuyaficha. "Miezi minane nasubiri kulisikia neno hilo."

"Jamani, hongereni sana," muuza magodoro akasema kutoka nyuma, "ila na mimi si nimaliziwe?"

Mzee akamnyooshea kidole. "Wewe! Rudi nyumbani ukachane nywele!"

Ua mzima ukavunjika mbavu. Alimaliziwa mchana, baada ya Mwalimu kuuzunguka ua mara mbili, mkwe kulia, binti kushoto.